Bellowhead: Mwimbaji Mmoja Alipoondoka, Wote Kumi na Mmoja Wakafunga Virago

Juni 2015 bendi ya Kiingereza iitwayo Bellowhead iliwatangazia mashabiki wake kwamba mwimbaji kiongozi, Jon Boden, anaondoka, na kwamba wenzake kumi wameamua kutomtafutia mrithi. Watazunguka kuaga, kisha watafunga. Habari hiyo ilishtua kwa sababu bendi haikuwa imechuja hata kidogo. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imetoa albamu yake ya tano ya studio, Revival, chini ya kampuni ya Island Records, ikafika nafasi ya 12 kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Ilikuwa na tuzo tano za BBC Radio 2 za kundi bora la jukwaani kwa upande wa muziki wa jadi: 2005, 2007, 2008, 2010 na 2012. Kwa bendi inayoimba nyimbo za mabaharia, wafumaji na wezi wa karne ya 18 na 19, hayo ni mafanikio ambayo wengi katika fani hiyo huyasikia tu kwa wenzao wa pop.

Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam, ambako mwimbaji anaweza kulala Sikinde akaamkia Msondo na bendi zote mbili zikapiga Jumamosi kama kawaida, atauliza swali la haki: kwa nini wasitafute mwimbaji mwingine? Uingereza haina uhaba wa waimbaji. Watu kumi wenye ala zao, jina linalouza tiketi na nyimbo ambazo si mali ya mtu yeyote wanashindwaje kuendelea?

Nadhani jibu liko ndani ya muziki wenyewe, katika namna ulivyojengwa tangu siku ya kwanza. Bellowhead ilikuwa bendi kwa jina tu. Kwa kazi yake ilikuwa kikundi cha maigizo chenye msimulizi mmoja na wapigaji kumi wanaoijenga dunia ya kile anachosimulia. Hilo ndilo lililoipa nguvu, na hilo ndilo lililoifanya isirithike.

Mwanzo wake ni foleni ya magari. Mwaka 2004 Boden na mwenzake John Spiers walikuwa wamekwama kwenye M25, barabara ya mzunguko inayoizunguka London kwa kilomita zaidi ya 180 na inayolaaniwa na kila dereva wa kusini mwa Uingereza, ndipo wazo la kuunda bendi kubwa likazaliwa. Wakati huo walikuwa wawili tu, Spiers akipiga kodiani ya vitufe na konsatina, ala ndogo ya mvukuto ya kushika mikononi, Boden akiimba na kupiga fidla. Walikuwa wameshatoa albamu mbili na wameshapata tuzo. Aliyewahi kuwasikia wakiwa wawili anajua kwamba hawakuwa na upungufu wowote. Kwa hiyo bendi kubwa haikuja kuziba pengo.

Spiers alikulia Abingdon, karibu na Oxford, katika eneo ambalo ngoma ya morris, ile ya wanaume wenye kengele miguuni na vitambaa mikononi, haijawahi kufa kabisa. Boden alizaliwa Chicago akakulia Winchester, akasoma masuala ya Zama za Kati katika Chuo Kikuu cha Durham, kisha akaenda London kusomea utunzi wa muziki wa tamthilia. Naomba msomaji aishike hii ya tamthilia. Wengi wanaoiandika Bellowhead hukimbilia idadi ya ala na kuiruka, ilhali ndiyo ufunguo.

Katika miezi michache wawili wakawa bendi kubwa, wakapanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la muziki wa jadi la Oxford mwaka huohuo. Safu ilikuwa hivi: fidla kadhaa, selo ya Rachael McShane, oboi ya Paul Sartin, ambaye naye alipiga fidla, gitaa, banjo, mandolini na buzuki ya Kigiriki mikononi mwa Benji Kirkpatrick, tarumbeta, tromboni, saksafoni na klarineti besi, tuba, ambayo baadaye iliachia nafasi helikoni, na Pete Flood upande wa midundo, ambaye meza yake ilikuwa na ngoma, lakini pia kikaangio, visu na uma, na midoli ya kutia ufunguo.

Visichokuwepo vina maana zaidi. Hapakuwa na gitaa la besi. Hapakuwa na dramu za kawaida za bendi ya roki. Kwa Muingereza anayejua historia ya muziki huu, hilo ni tamko. Mwaka 1969 bendi ya Fairport Convention ilitoa albamu Liege & Lief, na tangu hapo kanuni ya kuufanya wimbo wa jadi uwe wa kisasa ilikuwa moja: chukua wimbo wa kale, uwekee gitaa la umeme, besi na dramu. Kanuni ilizaa muziki mzuri sana kwa muda, halafu ikachosha. Kufikia miaka ya 1990 ungeweza kutabiri sekunde ambayo dramu zitaingia. Bellowhead walitafuta uzito na mdundo, lakini wakavitafuta mlango mwingine.

Helikoni ndiyo iliyobeba kazi ya besi. Ni bomba refu la shaba lililoviringishwa kumzunguka mpigaji na kulala begani, ndugu wa tuba lakini la kutembea nalo. Lilitengenezwa kwa ajili ya bendi za gwaride. Anayepiga tuba hukaa kitini. Ed Neuhauser, akiwa amevaa helikoni, aliweza kurukaruka na wenzake. Lakini faida kubwa iko kwenye pumzi. Gitaa la besi halichoki, linaweza kujaza kila mpigo wa wimbo bila kupumua. Mpuliza helikoni lazima avute hewa, na anapovuta, besi inakatika kidogo. Mianya hiyo midogo ndiyo inayoupa muziki mruko wa dansi badala ya mwendo wa treni.

Kodiani ya Spiers inafanya jambo linalofanana. Si kodiani ile kubwa yenye vibao kama vya piano ambayo wasikilizaji wa taarabu wanaifahamu. Hii ni ya vitufe, na kila kitufe kinatoa sauti moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Maana yake, mpigaji anabadilisha mwelekeo wa mvukuto kila mara, na kila badiliko linaacha kishindo kidogo. Mdundo unatoka ndani ya melodia yenyewe, hauhitaji mtu wa kuupiga kutoka nje. Dansi za Kiingereza za vijijini zimejengwa juu ya kishindo hicho, na ukizipiga kwa kinanda laini zinageuka uji.

Hapo pana tatizo la kiufundi ambalo msikilizaji halisikii, ila mwanamuziki yeyote atatabasamu. Kodiani ya aina hiyo imefungwa kwenye funguo chache. Iliyozoeleka Uingereza ni ya D na G. Ala za shaba na saksafoni zimetengenezwa kwa funguo za upande wa pili kabisa. Wimbo ukiwa katika D, mpiga tarumbeta anasoma katika E yenye diezi nne, yaani alama za kupandisha noti nusu, na mwenye saksafoni ya alto anasoma katika B yenye diezi tano. Ni mateso. Ndiyo maana bendi nyingi zinazochanganya kodiani na ala za kupuliza huishia kuzitumia hizi kama mapambo, zinaingia mwisho wa kiitikio, zinapiga kelele mbili, zinatoka. Bellowhead walikuwa na watu waliokubali mateso hayo kila usiku, na ala za kupuliza zikawa sehemu ya mwili wa wimbo.

Je, hizi ni ala ngeni kwa muziki wa Kiingereza? Wapo waliosema hivyo, hasa kwenye vilabu vya muziki wa jadi ambako desturi ni mtu mmoja kusimama, kufumba macho na kuimba bila ala yoyote. Ninaiheshimu desturi hiyo, lakini hoja yao haisimami. Hadi katikati ya karne ya 19, makanisa mengi ya vijijini Uingereza hayakuwa na kinanda. Muziki wa ibada ulipigwa na wanakijiji waliokaa kwenye roshani ya magharibi wakiwa na fidla, selo, klarineti, basuni na ala ya ajabu iliyojipinda kama nyoka. Haohao ndio waliopiga kwenye dansi za harusi na sikukuu. Kinanda kilipoingia, wakaondolewa. Karne hiyohiyo migodi na viwanda vya kaskazini vilikuwa na bendi zao za shaba, na bendi ya kiwanda cha Black Dyke, iliyopata jina hilo mwaka 1855, ipo hadi leo. Kwa hiyo oboi, shaba na fidla kukaa pamoja ni jambo la kale kuliko gitaa katika muziki huo.

Hata kitendo cha kuupamba wimbo wa jadi kina umri. Tarehe 26 Desemba 1899, huko Headington nje ya Oxford, mwalimu wa muziki Cecil Sharp aliwaona wachezaji wa morris wakicheza mbele ya nyumba, wakiongozwa na konsatina ya fundi matofali William Kimber. Siku iliyofuata alimwita Kimber na kuziandika zile melodia. Sharp aliendelea kukusanya maelfu ya nyimbo na melodia, na nyingi alizichapisha zikiwa na sehemu ya piano aliyoitunga mwenyewe. Yaani nakala zilizokuja kuitwa za asili zilishavalishwa suti tangu mwanzo. Bellowhead walibadilisha nguo, nayo haikuwa ya kwanza.

Na hawakuwa wa kwanza kuleta shaba. Mapema miaka ya 1980 kundi la Brass Monkey, likiwa na Martin Carthy na John Kirkpatrick, liliweka tarumbeta na tromboni kando ya gitaa na kodiani. John Kirkpatrick ni baba mzazi wa Benji. Kwa hiyo mmoja wa kumi na mmoja aliikuta njia hii nyumbani kwao.

Sasa tuingie kwenye wimbo wenyewe, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Wimbo wa simulizi wa Kiingereza una melodia moja fupi inayorudiwa ubeti baada ya ubeti, mara nane, mara kumi na mbili. Muziki haubadiliki, kinachobadilika ni habari. Mtu mmoja akiimba peke yake, marudio yanamsaidia msikilizaji kuyafuata maneno. Ukiwapa bendi, marudio yanageuka adhabu, kwa sababu bendi inataka kupanda na kushuka na melodia hairuhusu. Bendi za roki zilitatua kwa kukata beti na kuweka gitaa refu katikati. Bellowhead walitatua kwa mbinu ya jukwaa la tamthilia: beti ziachwe, melodia iachwe, lakini kila ubeti upewe mandhari yake.

Mfano mzuri ni Prickle-Eye Bush, iliyomo kwenye rekodi yao ya kwanza ya mwaka 2004. Ni tawi la wimbo uliopewa namba 95 katika mkusanyiko mkubwa wa nyimbo 305 wa Profesa Francis James Child wa Harvard. Mtu yuko chini ya kitanzi. Anamwomba mnyongaji asubiri, kwani anamwona baba yake anakuja kwa mbali, pengine ameleta dhahabu ya kumkomboa. Baba anafika: hana dhahabu, amekuja kuangalia anavyonyongwa. Anakuja mama, jibu lilelile. Ndugu, vilevile. Mwishowe anakuja mpenzi, naye ana dhahabu mkononi. Katikati ya kila ziara kuna kiitikio kuhusu kichaka cha miiba kinachomchoma mtu moyoni, na ahadi kwamba akitoka salama haingii tena.

Ukiusoma kwenye karatasi, ni wimbo wa kuhuzunisha. Bellowhead waliufanya sherehe, na watu ukumbini walikuwa wakikiimba kiitikio kwa nguvu zote. Je, ni kukosa adabu mbele ya kifo? Kwa maoni yangu, hapana. Wimbo una mashine ndani yake: swali lilelile, jibu lilelile, na msikilizaji anajua tangu ubeti wa pili kwamba mzazi anayefuata naye atamwangusha. Mashine hiyo ina kichekesho kikali, na Boden, akiwa na mafunzo yake, alikiona. Anauliza kwa sauti ya mtu mwenye matumaini, anajibiwa kwa sauti ya mtu asiyejali, na ala zinaegemea upande mmoja au mwingine. Mpenzi anapofika, ala zote zinaachiwa.

Chukua na New York Girls, wimbo wa mabaharia ulioifungua albamu ya Hedonism ya mwaka 2010. Baharia anashuka New York na mshahara wake, anakutana na binti, wanakunywa, anaamka asubuhi hana pesa, hana nguo, hana binti. Kiitikio kinauliza kama msichana anajua kucheza polka. Boden anauimba kama mtu anayejisifu kwa kuibiwa. Hiyo ndiyo siri: hauimbi kama masikitiko wala kama onyo, bali kama mlevi anayeirudia baa kwa baa habari ya aibu yake, kila mara ikiwa tamu zaidi. Ala za shaba ni watu wa baa hiyo wanaomchochea.

Watu hupenda kuorodhesha athari za muziki huu: jazi, disko, funki, kabareti ya Berlin, nyimbo za kumbi za burudani za enzi ya Malkia Victoria, na mwimbaji wa Ubelgiji Jacques Brel, ambaye wimbo wake Amsterdam upo kwenye Hedonism. Orodha ni ya kweli. Mpiga tromboni Justin Thurgur, kwa mfano, amepiga pia katika okestra ya afrobiti ya Dele Sosimi, mpiga kinanda aliyetoka bendi ya Fela Kuti, na tabia hiyo ya ala za shaba kubishana na mdundo badala ya kuufuata unaisikia. Ila sikubaliani na wanaouita huu mchanganyiko wa mitindo. Mtindo hapa ni vazi la mhusika. Wimbo wa mlevi unapewa kabareti, wimbo wa mzimu unapewa kitu kingine, na melodia na maneno havitikiswi. Ndiyo sababu mtu wa vilabu vya jadi aliweza kuwanunia na bado akatambua kila neno.

Na nyimbo zenyewe hazina usafi wa ukoo. Roll the Woodpile Down, ya albamu ya Broadside ya 2012, ni wimbo wa kazi wa mabaharia unaotaja Florida na mpaka wa Georgia. Harufu yake ni ya bandari za kusini mwa Marekani na ya watu weusi waliofanya kazi huko, na ulifika kwenye midomo ya Waingereza kwa meli. Jina la albamu lenyewe linatokana na zile karatasi za nyimbo zilizouzwa mitaani kwa senti; Maktaba ya Bodleian ya Oxford peke yake ina takribani 30,000 za nyimbo za aina hiyo. Zilikuwa bidhaa za mtaani, za wino unaochafua mikono, za kuuza mauaji na mapenzi. Kuzipiga kwa kelele na vichekesho ni kuzirudisha karibu na pale zilipotoka.

Sasa hesabu, maana kisa chochote cha bendi bila hesabu ni hadithi ya nusu.

Tuseme tamasha linalipa pauni 5,500. Wawili wakigawana, kila mmoja anaondoka na 2,750. Kumi na mmoja wakigawana ni 500 kwa kichwa, na hapo hujalipa basi, hoteli, fundi mitambo mwenye maikrofoni za kutosha ala zote hizo, meneja na chakula. Ziara ya watu kumi na mmoja lazima ijaze kumbi kubwa au isiwepo kabisa. Hakuna Bellowhead ya kupiga kwenye baa ya watu themanini siku ya Jumanne ili kodi ya nyumba ipatikane. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kazi nyingine. Spiers na Boden waliendelea kama wawili. Sartin alikuwa na Belshazzar's Feast na Faustus. Kupanga tarehe moja inayowafaa wote kumi na mmoja ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Ilifanikiwa kwa sababu ya sifa ya jukwaani. Walipiga kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, katika Proms za 2008, msimu wa matamasha wa BBC wa kila mwaka. Kisha ikaja Hedonism, iliyorekodiwa kwenye studio za Abbey Road na prodyuza John Leckie, yule aliyetengeneza albamu ya kwanza ya bendi ya Stone Roses na The Bends ya bendi ya Radiohead. Iliuza nakala zaidi ya 60,000, idadi kubwa ajabu kwa muziki huu. Broadside ikafika nafasi ya 16 kwenye chati, halafu Island wakaja na mkataba. Kwa ladha yangu Revival ndiyo dhaifu kati ya hizo tatu; imepigwa pasi mno, makunyanzi yamepotea. Lakini iliwafikisha mbali zaidi.

Huyu Boden, katikati ya mbio hizo, kati ya Juni 2010 na Juni 2011 alikuwa pia akitoa wimbo mmoja wa jadi kila siku kwa mwaka mzima, akirekodi na kuupakia kwenye intaneti. Siku 365, nyimbo 365. Mtu wa namna hiyo hana uvivu wala hana uchache wa nyimbo. Aliposema mwaka 2015 kwamba imetosha, sidhani kama kisima kilikuwa kimekauka. Nadhani alikuwa amefika mahali ambapo bendi kubwa inakula muda wote wa kufanya kitu kingine chochote, na mwimbaji kiongozi ndiye asiye na siku ya kujificha. Mpiga fidla wa tatu akiwa na mafua, onyesho linaendelea.

Walikuwa na njia kadhaa. Ya kwanza, kumleta mwimbaji mpya kutoka nje. Walikuwa wameshabadilisha watu bila taabu: Giles Lewin alipoondoka mwaka 2008 aliingia kijana Sam Sweeney, na bendi haikuyumba, Gideon Juckes wa tuba naye alimpisha Neuhauser. Lakini kiti cha fidla kina noti zilizoandikwa, na anayejua kusoma na mwenye moyo atakikalia. Kiti cha msimulizi hakina noti. Kila mpangilio ulikuwa umeshonwa kwa vipimo vya sauti ya Boden: lini anakoroma, lini anapayuka, lini ananong'ona hadi selo peke yake inatosha. Mgeni angekuwa na uchaguzi wa kumwiga au kudai nyimbo zishonwe upya. Akimwiga, ni kioja. Zikishonwa upya, ni bendi nyingine yenye jina la zamani.

Ya pili, kumpandisha mmoja wa ndani. McShane anaimba vizuri sana, Kirkpatrick pia, na Sartin naye aliimba hivyo. Hii ningeifikiria kwa uzito zaidi. Tatizo lake ni kwamba kuimba vizuri hakukuwa sharti la kiti hicho. Boden mwenyewe si mwenye sauti nzuri kuliko wote Uingereza. Ana sauti ya mtu anayeuza kitu sokoni na anajua kwamba unajua kuwa anakudanganya. Ukimweka mwimbaji mzuri mbele ya mashine ile ya shaba na vikaangio, unapata tamasha la heshima. Mashabiki hawakuwa wakilipa tiketi kwa ajili ya heshima.

Ya tatu, kupunguza watu: sita, saba, bila ala za kupuliza. Hiyo ingeleta ahueni kwenye hesabu na kuua sababu ya bendi kuwepo. Spiers na Boden walishakuwa na kundi dogo zuri kabla ya 2004.

Ya nne ndiyo waliyochagua, na nadhani walichagua sawa. Waliaga kwa ziara mbili, Novemba 2015 na Aprili 2016, wakajaza kumbi, wakarekodi albamu ya mwisho ya jukwaani, na kumaliza Oxford Town Hall tarehe 1 Mei 2016. Tarehe ilichaguliwa na mtu mwenye akili. Mei mosi Oxford huamka gizani, kwaya ya Chuo cha Magdalen huimba juu ya mnara saa kumi na mbili asubuhi, na morris huchezwa mitaani. Kifedha pia, kuaga kunauza kuliko kudhoofika: bendi inayofunga ikiwa juu inaacha jina ambalo linaweza kutumika tena, na inayojikokota kwa mwimbaji wa pili na wa tatu haliachi.

Hilo la mwisho limethibitika. Desemba 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, wote kumi na mmoja walikutana wakapiga onyesho bila watazamaji, likarushwa kwa intaneti, Boden akiwa mahali pake. Kisha ikapangwa ziara ya Novemba 2022. Septemba ya mwaka huo Paul Sartin alifariki ghafla, akiwa na miaka 51. Ziara ilifanyika, ikawa ya kumkumbuka yeye. Kumbe bendi iliweza kusimama bila mmoja wao kwa pigo zito kuliko lile la 2015, na walioijua oboi yake watasema pengo lilisikika. Lakini msimulizi alikuwepo, na nyimbo zilikuwa zilezile.